Mgongo wa Mzee Boazi

Bupe, muuza ndizi wa sokoni Tukuyu, alijiapiza kuwa hapitwi na albamu mpya ya Vijana wa Kisiba, bendi inayochanganya ngoma za kwao na magitaa ya umeme. Siku ya uzinduzi alifunga genge mapema, akapenya kwenye umati wa mashabiki kwa viwiko mpaka akafika mbele kabisa ya jukwaa.

Ndipo akaitwa mpiga ngoma aliyeshirikishwa kwenye albamu. Akapanda Mzee Boazi, baba mkwe wa Bupe.

Bupe aliganda. Angejuaje, wakati hawaongei? Tangu aolewe hajawahi kutazamana naye. Kwa Wanyakyusa wanaoshika mila, mke wa mtoto humkwepa mkwe, hata ikibidi ajitose migombani. Akajifunika kitenge usoni, akageuka akimbie, lakini nyuma yake watu walikuwa wameshonana.

"Nipisheni, jamani! Yule mkwe wangu!"

Nani amsikie? Wote walikuwa wanaruka na kupiga mayowe. Alipochungulia, mzee alikuwa amesimama na ngoma yake, amemwona, wala hapigi. Bupe akakivuta tena kitenge usoni. Kesho ukoo mzima utakuwa na habari.

Mzee akaizungusha ngoma, akaketi akiwapa watu wote mgongo, akaanza kupiga.

"Geuka, mzee! Tunataka kukuona!" mashabiki wakafoka.

Hakugeuka mpaka wimbo ukaisha. Bupe alishakishusha kitenge zamani, anacheza.