Matete ya Mabata

Kwetu ndege si chakula. Mmaasai wa rika la baba yangu akikukuta unang'ata paja la kuku, atakutazama vile wewe ungemtazama mtu anayetafuna soksi. Sasa niambie, watu kama hao wafikirie nini wanapoona magari manne yakitoka Nairobi asubuhi na mapema, yamejaa wazungu na wahindi wenye bunduki za marisau, na wote wanataka kulipa ili wapige mabata kwenye bwawa letu?

Walicheka. Baba alicheka mpaka akashika kiuno. "Mtu analipa bei ya mbuzi," alisema, "ili ale ndege!" Akapokea pesa zao, akawaonyesha pa kuegesha magari. Miaka mingi aliamini kwamba wanalipia hiyo nafasi ya kuegesha, kwa sababu ndege, kwa akili yake, hawana mwenyewe, na huwezi kuuza kisicho chako.

Bwawa hilo, silanga kama majirani zetu Wakikuyu walivyoliita, lilikuwa nyuma ya boma letu Kitengela, kabla Kitengela haijawa ploti na mabati. Mimi niliwapenda mabata wale kupita kiasi. Kila bunduki ilipolia nilikuwa nikijificha nyuma ya nyumba ya mama na kulia kwa sauti. "Unalilia ndege?" mama alikuwa akiniuliza. "Kuna ndama wamekufa juzi, mbona hukuwalilia hao?" Niliwachukia wale wawindaji. Niseme ukweli, niliwachukia hata nilipokuwa nimevaa viatu vya shule vilivyonunuliwa kwa pesa zao.

Lakini wakaanza kupungua. Nilipofika darasa la nane magari yalikuwa mawili. Nilipoingia sekondari likabaki moja, la mzee mmoja mzungu aliyezaliwa hapa hapa nchini, pamoja na mbwa wake. Kiswahili chake kilikuwa kibovu ila hakikuogopa mtu. Alikuwa akiketi kwenye kigoda cha baba na kulalamika: "Risasi bei juu. Kibali bei juu. Petroli bei juu. Watoto yangu iko Australia, hapana taka bunduki. Bata moja sasa nakula pesa kushinda mbuzi!"

"Basi si ununue mbuzi?" baba alikuwa akimjibu, na wote wawili wanacheka.

Ni huyo mzee aliyemwambia baba kwamba bila matete hakuna bata, kwa sababu huko ndiko wanakotaga, na ng'ombe wetu walikuwa wanayamaliza. Akaleta seng'enge na nguzo, akazungushia upande wote wa juu wa bwawa, na kila msimu akawa analipa ili ng'ombe wasiingie. Baba alitema mate kiganjani, kama tunavyofunga ahadi kwetu, wakashikana mikono. Kulipwa ili usilishe ng'ombe! Habari hiyo ilichekesha watu mpaka sokoni.

Halafu, nikiwa chuo cha ualimu, serikali ikapiga marufuku uwindaji wa ndege. Nilikuwa katika chama cha mazingira. Wee, tulicheza siku hiyo! Tuliimba bwenini mpaka mlezi akaja na fimbo. Wauaji wameshindwa, nikasema, na nikaamini mabata wetu wameokoka.

Na kweli waliongezeka. Nilipelekwa kufundisha Rombo, kule mpakani, mbali na nyumbani, lakini kila likizo ndefu nilikuwa nikipitia Kitengela na wanafunzi au walimu wenzangu. Nilikuwa nikiwasimamisha kando ya bwawa, mabata wamejaa, na kuanza mahubiri yangu. "Mnaona? Hakuna bunduki, hakuna pesa ya mtu. Ukiwaacha tu, wanajitunza wenyewe." Nilisema hivyo miaka ishirini na zaidi. Baba alikuwa akisimama mbali kidogo na fimbo yake, ananisikia, hasemi neno.

Likizo iliyopita kaka yangu akanipigia simu. "Mzee ameuza upande wa bwawa."

"Ati ameuza nini?"

"Bwawa. Tajiri anayeuza mawe ya kujengea pale tauni. Atalijaza mchanga akate ploti, hamsini kwa mia. Kesho kutwa ni bodi ya ardhi, lazima familia yote ifike iseme imekubali, na mzee mwenyewe amesema nikuite. Tafadhali dada, usituharibie. Mtoto mmoja akikataa mbele ya bodi, hakuna kuuza. Tajiri anarudishiwa pesa yake, na hawezi hata kumlaumu mzee, kwa sababu si yeye amerudi nyuma."

Niliketi juu ya kitanda na simu mkononi. Baba yangu? Mtu ambaye akishasema neno hata mvua ya mawe haimtoi, na ambaye sikuwahi kumsikia akitaja kuuza hata jiwe? Usiku huo sikula. Asubuhi nikapanda basi nikiwa nimepanga kila neno nitakalomtwanga nalo.

Nilimkuta kwenye bwawa, upande wa juu, amepiga magoti na koleo mkononi. Niliinamisha kichwa akanigusa, kama inavyopasa mtoto. Kisha nikainuka na hasira yangu.

"Baba, mabata wataenda wapi?"

Aliendelea kufunga seng'enge iliyokatika. Ndipo macho yangu yakaona nilichokuwa nikikitazama maisha yangu yote. Nguzo zilikuwa mpya. Si zote, lakini zile za yule mzungu zilishaoza zamani, na mahali pake palikuwa na nguzo nyingine, na nyingine tena kando yake. Waya ulikuwa umeungwa mara mia.

"Nani anatengeneza hii?" nikauliza.

"Nani mwingine yuko hapa?"

"Tangu lini?"

Akanitazama kama mwalimu anavyomtazama mwanafunzi aliyelala darasani. "Yule mzee alikuja bila bunduki. Akasema serikali imefunga, lakini itafungua, na yeye atarudi. Akaniambia, wewe kaa na matete yangu. Nikasema nitakaa nayo."

"Baba, yule mzee lazima alishakufa!"

"Hakuna aliyekuja kuniambia amekufa."

Enkai, Mungu wangu! Miaka ishirini na zaidi. Ng'ombe wake wanakunywa upande mmoja tu, yeye ananunua seng'enge kwa pesa ya maziwa, kwa sababu alimpa mkono mtu mmoja na mbwa wake. Nikamuuliza kuhusu ule mwaka wa ukame, ng'ombe walipokufa mpaka wakabaki kumi na mmoja. Akasema aliufungua ua siku nne wakala matete, kisha akafunga tena, kwa sababu yule mzee angeelewa siku nne lakini hangeelewa tano.

Niliketi chini kwenye matope na sketi yangu ya safari. Mahubiri yote yale! "Wanajitunza wenyewe." Na mtu aliyekuwa akiwatunza amesimama hapo hapo ananisikiliza.

"Mbona hukuniambia?" nikasema.

"Ungefanya nini?" Hakusema kwa ukali, na hiyo ndiyo iliyoniuma. "Wewe umeleta watu hapa mara ngapi? Wamepiga picha, wamekunywa chai ya mama yako, wameenda. Kuna siku uliniuliza, Baba, waya umebaki? Wale waliokuwa wakiwaua ndio walikuwa wananunua seng'enge. Ninyi mnaowapenda hamjanunua hata msumari."

Niliokota kipande cha waya matopeni, nikampa.

"Magoti yangu yamekwisha," akaendelea. "Ndugu zako wanataka ploti. Tajiri alikuja vizuri, akaomba kwa heshima, nikampa neno. Sasa limetoka. Kesho bodi itawauliza ninyi." Akaokota koleo lake. "Ukikataa, itakuwa ni wewe umekataa."

Usiku kucha niliyapindua maneno hayo. Niliyasikia kama onyo: ukikataa, mzigo ni wako. Nikajiona nikitoka Rombo kila wiki kuja kupiga misumari. Nina watoto wawili chuoni, nina mkopo wa nyumba, nina mgongo. Nani ataunga huo waya? Na nitamlazimisha mzee wa magoti mabovu apige magoti tena kwa ajili ya mapenzi yangu yasiyonunua msumari? Nikajiambia kwamba sina haki hiyo. Nikajiambia kwamba kumheshimu ni kumwacha apumzike.

Ofisi ilikuwa na watu wengi, familia baada ya familia. Tulipoitwa tukasimama mstari mmoja. Tajiri alikuwa kando yetu na koti lake zuri, ametuamkia wote kwa adabu, hata mama amemsalimu kwa maneno mawili ya Kimaa aliyokariri. Mwenyekiti akamuuliza mama kama amekubali. Mama akamwangalia baba, akasema ndiyo. Kaka mkubwa, ndiyo. Kaka mdogo, ndiyo, kabla swali halijaisha.

"Na wewe, mwalimu? Umekubali shamba hili liuzwe? Hujalazimishwa na mtu?"

Baba alikuwa ameegemea fimbo yake, macho yako sakafuni. Nilidhani amechoka.

"Nimekubali," nikasema.

Nilitia sahihi. Tajiri akanishika mkono, akasema Mungu anibariki. Tukatoka nje kwenye jua, ndugu zangu wanaongea kwa sauti, wanapanga nyama. Baba akanisubiri mlangoni. Nikainama, nikidhani ataniwekea mkono kichwani kwa kumpunguzia mzigo. Mkono haukuja. Niliinua uso nikamwona anavyonitazama, na ndipo nilipoelewa kwamba mtu asiyeweza kurudisha neno lake alikuwa ameniita kutoka Rombo nije nimrudishie.

"Mimi nilidhani utakataa," akasema, kwa Kimaa, ili tajiri asielewe.