Kinyama cha Manjano Jichoni

Mwaka ule nilikuwa nimechoka hata kabla ya habari ya jicho. Kutwa nzima naanika ndagala, dagaa wa ziwa letu, kwenye mchanga hapa Baraka, nazigeuza juani, upepo wa ziwa unanipiga usoni. Nikirudi nyumbani nainamia moshi wa kuni. Siku moja mteja wangu, mama mkimbizi kutoka Burundi, aliacha kuchagua samaki akanikazia macho.

"Mama, iko kitu kwa jicho yako."

Nilijitazama kwenye kioo. Kweli, kwenye weupe wa jicho, upande wa pua, palikuwa na kivimbe cha manjano, kama chembe ya mchele. Hakikuuma. Kilikwaruza tu.

Jirani anayeanika karibu yangu alisema ni kansere, nitapofuka. Akaniletea majani ya kukamulia jichoni. Nilimshukuru nikayaweka chini. Sikuwa na nguvu ya kubishana, wala ya kuyakamua. Niliwaza watoto tu: nikiwa kipofu, watakula nini?

Mwishowe nilikwenda kituo cha afya, nikakaa kwenye benchi mpaka kivuli kikanihama. Muuguzi alinimulika kwa tochi, jicho hili, kisha lile.

"Haiko kansere, mama. Ni kinyama tu. Jua, upepo, vumbi, ndivyo binaileta. Haitakupofusha. Usitie majani. Kama inapanda juu ya ile sehemu nyeusi, ao inauma, ao hauone muzuri, rudia hapa."

"Sasa nifanye nini?"

"Vaa kofia. Jikinge na jua."

Nilicheka bila furaha. Ndagala hazikauki kivulini.

Nilipomweleza mama yangu, alisikiliza mpaka mwisho, halafu akavuta kope kwa kidole.

"Angalia ya kwangu."

Vinyama vilevile, macho yote mawili, pande zote. Amelima mihogo juani tangu usichana wake.

"Nilizania ni uzee," akasema.

"Mbona haukusema, mama?"

"Nani aliniuliza?"

Tunakula sahani moja miaka yote, na sikuwahi kuyatazama macho yake kwa karibu.

Nilimnunulia kofia pana sokoni. Anasema inamfananisha na wachimba dhahabu wa Lulimba. Tukienda shamba pamoja anaivaa ili nisinung'unike. Tukishavuka mto anaivua, anajipepea nayo, na mimi namwacha.