Milango ya Baba Mkwe

Nyumba yetu ya Kyela ilikuwa imebakiza kidogo tu kwa muda mrefu sana. Mtu akiuliza imefika wapi, mume wangu alijibu kwamba tumebakiza kidogo tu, na fundi naye alisema hivyohivyo, hata siku aliyobomoa ukuta alioujenga mwenyewe. Watoto waliondoka kwenda shule za bweni wakaacha lundo la mchanga uani, wakarudi likizo wakalikuta limehamia upande wa pili. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi, subira ya kazini ninayo. Ya nyumbani iliisha mapema.

Tulikuwa tunaikarabati kwa ajili ya baba mkwe. Alikuwa amefiwa na mkewe, anaishi peke yake Njisi katika nyumba ya matofali mabichi, na masika yaliyopita mto ulifurika, maji yakaingia mpaka chini ya kitanda chake. Majirani walimtoa wakiwa wamembeba mgongoni, naye akiwagombeza kwa kumsahaulia redio. Tangu hapo, mvua ikinyesha mume wangu halali, hukaa kitandani akisikiliza bati. Tulitaka mzee ahamie kwetu kabla ya masika mengine. Alisema atakuja, ila kwa sharti moja: iwe nyumba ambayo mtu anaweza kuishi na mke wa mwanawe bila kukutana naye.

Asiyetoka kwetu ataona ni kiburi. Si kiburi. Kwa Wanyakyusa wa zamani, mwanamke na baba mkwe wake hawaonani. Hawapeani mikono, hawali meza moja, hawatazamani usoni, na ukimwona anakuja njiani unaingia kwenye migomba mpaka apite. Vijana wa leo wameilegeza mila hiyo, wengine wanapiga picha na wakwe zao harusini. Mimi baba mkwe wangu alikuwa mzee wa kanisa aliyeamini kwamba heshima ukiilegeza uzi mmoja, shuka zima linafumuka. Kwa hiyo katika miaka yote ya ndoa yangu nilimjua kwa kikohozi na kwa kisogo. Hakuwahi kunisemesha. Lakini kila mavuno alileta gunia la mchele mpya, akaliegesha mlango wa nyuma, akakohoa, akaondoka kabla sijafungua. Nilipolazwa kujifungua mtoto wa pili, alishinda nje ya uzio wa hospitali mchana kutwa, nikaja kuambiwa baadaye. Baba yangu mzazi simkumbuki. Huyu nilimpenda, na sikuwa na njia ya kumwambia.

Kosa la kwanza tulilifanya wenyewe, Wanyakyusa wawili wenye akili timamu. Tuliona kwenye simu nyumba nzuri ambazo jiko na sebule ni chumba kimoja, tukabomoa ukuta. Siku mzee alipokuja kukagua, aliingia sebuleni akaketi, na mimi nilikuwa jikoni nakaanga mbasa, samaki waliotoka ziwani Matema asubuhi ile. Pa kutokea hapakuwepo ila mbele yake. Nilichuchumaa nyuma ya kaunta. Mume wangu akaanza kumweleza baba yake habari za kakao. Mzee alijua nipo pale, nami nilijua kwamba anajua, na samaki wakaanza kuungua. Hakuna aliyeweza kusema neno, maana kusema ni kukiri kwamba nipo. Moshi ulipowafikia, mzee alikohoa, akasema nyumba ni nzuri ila ina hewa nzito, akaaga. Niliinuka pale miguu imekufa ganzi na kitoweo kimekuwa mkaa. Ukuta ukarudishwa.

Baada ya hapo kila ukaguzi ulizaa mlango. Choo kimoja hakifai, basi akajengewa chumba chenye choo chake na mlango wake wa nje. Lakini akitoka kwenda getini atapita dirisha la jiko, basi chumba chake kikatobolewa mlango wa pili, unaoingia korido ya nyuma, ili atokee uani. Mimi nikienda kuanika nguo nitapita mbele ya chumba chake, basi jiko nalo likapata mlango wake wa kuingia korido ileile. Ukistaajabu ya Musa utaona ya Firauni. Msafiri mmoja mwenye begi, anayekwenda Matema kutembea, alisimama getini akauliza kama tuna chumba chenye feni. Nilimwambia hii si gesti. Alizungusha macho kwenye milango yote, akaniangalia kama mtu aliyenyimwa chumba kwa chuki.

Fundi ndiye aliyeumia kuliko wote, au ndiye aliyefaidi kuliko wote, bado sijaamua. Mzee akiwa na maoni alisimama chumba kimoja, mimi kingine, fundi katikati mlangoni. Mzee anasema swichi ya taa ishushwe. Nimesikia. Fundi ananigeukia, ananiambia mzee anasema swichi ishushwe. Nasema sawa, ishushwe. Mzee amesikia. Fundi anamgeukia, anamwambia mama amesema sawa. Mwanzoni alifikisha maneno kwa uaminifu. Baadaye akaanza kutia chumvi yake. Niliposema dirisha fulani lipanuliwe, alimwambia mzee kwamba mama ameridhika nalo lilivyo, kwa sababu kazi ya kulipanua ingemwangukia yeye. Mzee alikuwa amenisikia vizuri kabisa, nami nilijua amenisikia. Lakini wa kumsahihisha fundi hakuwepo ila fundi. Dirisha hilo halijapanuliwa mpaka leo.

Hatimaye tukafika mwisho kweli. Milango ilishapakwa rangi, umeme unawaka, ikabaki kufunika shimo la choo kipya pale uani, hatua chache kutoka mlango wa korido, na kupiga niru sakafu ya korido yenyewe. Niru ni ule uji wa sementi unaofanya sakafu ing'ae, na ukiwa mbichi unateleza kuliko kambale. Mawingu yalishaanza kukaa juu ya milima ya upande wa Matema. Mzee alimwambia mume wangu kwamba atakuja kutazama mara ya mwisho, na akiona nyumba bado inakutanisha watu, atabaki Njisi na maji yake. Mume wangu hakula siku ile. Mimi nilikasirika mpaka nikapiga deki chumba kilichokuwa safi.

Alikuja siku ambayo hatukumtarajia, kwa pikipiki, mchana. Mume wangu alikuwa vijijini kununua kakao. Fundi alikuwa ametoka kumaliza niru ya korido, akanionya mtu asikanyage mpaka kesho, akaenda kula. Nilikuwa sebuleni nafuta vioo niliposikia kikohozi mlango wa mbele. Nikafanya kama nilivyofundwa: nikatua ndoo, nikapita jikoni mbio, nikafungua mlango wa korido, wala onyo la fundi sikulikumbuka. Naye mzee aliposikia ndoo alijua nipo sebuleni, akafanya kama alivyofundwa: akazunguka nje, akaingia chumbani kwake kwa mlango wake, akafungua ule wa pili ili atokee uani. Milango yote tuliyotoboa ili tusikutane ilitufikisha mahali pamoja kwa wakati mmoja.

Niliona miguu yake tu. Ilikanyaga niru, ikatangulia bila yeye, akakaa chini kwa kishindo. Nikavuta kitenge nikafunika uso wote.

Mila ilikuwa wazi: nikimbie. Nilimsikia anajaribu kuinuka, anateleza, anakaa tena. Hakuita. Mzee yule alikuwa tayari kufa kiofisa, akaukie pale awe sehemu ya sakafu, kuliko kuniita. Moyo uliniuma, na hasira nilikuwa nayo pia, kwake na kwa fundi na kwa yeyote aliyebuni milango duniani. Nikapapasa ukutani nikapata ile mbao ndefu ambayo fundi husawazishia sakafu. Nikampa mzee kisogo, nikaisukuma mbao nyuma yangu mpaka nikahisi ameshika ncha, nikaanza kumvuta kuelekea uani. Kichwa changu kilikuwa kimefungwa kitenge kama mzigo wa sokoni, na niru ikiniingia katikati ya vidole vya miguu.

Alikuja taratibu, mkono mmoja kwenye mbao na mwingine ukutani. Nilivuka kizingiti, nikaendelea mbele bila kuona kitu.

"Mwanangu, simama," alisema. "Mbele yako kuna shimo."

Nilisimama na mguu mmoja hewani. Mpeleka maneno hakuwepo. Akaniambia nirudi nyuma, nikarudi. Akaniambia kushoto, nikaenda kushoto, tena kidogo, hapo kuna matofali, nikae. Nilikaa nikiwa bado nimempa kisogo, nikamsikia naye akikaa kwenye mchanga akihema. Nilijua yamekwisha, kwamba sasa atarudi Njisi asitoke tena, na mto ukivimba majirani watambeba, au siku hiyo hawatamwahi. Nikalia ndani ya kitenge, kilio cha aibu chenye makamasi.

Alikohoa.

"Usilie," alisema. "Shida haikuwa milango. Magoti yangu yamechoka. Nilikuwa naogopa siku nitakayoanguka mbele ya mke wa mwanangu, ndiyo maana nikawa nasema ongezeni huku, ongezeni kule. Sasa nimeshaanguka. Umeshaniona."

Tangu niolewe sikuwahi kumjibu neno.

"Sijakuona, baba," nilisema. "Nilijifunika."

Nilimsikia akikung'uta sementi kwenye suruali, polepole, huku na huku.

"Ndaga, mwanangu," alinishukuru. "Mwambie mume wako alete gari Jumamosi."