Siku Yaya wa Kaa Alipokatikiwa na Umeme

Jua bado halijafika dirishani, na mwanamke aliyevaa aproni ya plastiki amepiga magoti mbele ya beseni la tope. Mkono mmoja umeshika kioo cha kukuzia, mwingine umeziba mdomo ili pumzi yake isiwasumbue. Juu ya tope kuna vidoa vinavyotembea, kila kimoja kidogo kuliko punje ya mtama. Kinachota tope, kinakitafuna kilichomo, kinatema kidonge, kinasogea.

"Wanakula," ananong'ona. "Tazama, wanakula wenyewe!"

Wenzake kazini humwita Yaya. Alikuwa dobi wa hospitali mpaka mashine mpya zilipomfuta kazi, akaajiriwa kusugua matangi katika kituo hiki cha kulea viumbe wa majini, jengo la mabati linalonuka chumvi na mabomba ya mpira. Leo ndiye mlezi wa kaa wadogo wa matopeni, wale ambao dume ana gando moja kubwa karibu sawa na mwili wake, na jingine dogo la kulia chakula.

"Mimi kaa nilimjua kwenye sufuria tu," ananiambia. "Nilipoambiwa nitawalea, nilicheka."

Mumewe, fundi baiskeli, alicheka zaidi. "Wenzio wanafuga ng'ombe," alimwambia, "wewe unafuga vumbi lenye miguu!"

Lakini kazi yenyewe haikuwa mzaha. Ufukwe wa tope ulio jirani ulikuwa umefukiwa na kifusi cha ujenzi. Kifusi kilipozolewa, tope lilibaki gumu na linanuka, kwa kuwa mashimo ya kaa ndiyo huliingizia hewa na maji. Kaa wachanga wanaotoka baharini nao hupendelea kutua penye harufu ya wakubwa wao. Pale hapakuwa na mkubwa hata mmoja.

"Ni kama nyumba isiyo na mwenyeji, mgeni anapiga hodi kisha anapita," anaeleza mama mtu mzima anayesimamia kituo, ambaye wote humwita Daktari. Ndiye aliyemfundisha Yaya safari ya kaa tangu mwanzo.

Jike hubeba mayai chini ya tumbo, maelfu kwa maelfu, kwa takriban wiki mbili, akijificha shimoni. Bamvua, yaani maji makubwa ya mwezi mpya au mpevu, linapofika, hutoka, akajitikisa majini, na maji yanayokupwa yakawachukua watoto hadi baharini. Hawafanani na kaa hata kidogo. Ni mabuu yenye miiba na macho makubwa, yanayoelea na kujiambua gamba mara kadhaa. Baada ya wiki chache huingia umbo la kati, lenye magando lakini bado lina mkia. Hapo ndipo hurudi pwani kutafuta tope. Wengi huliwa njiani.

Kituoni, makundi mawili ya kwanza yalifia kwenye umbo hilo la kati. Yalizunguka majini juu ya mchanga safi mpaka yakaisha. Wafadhili wakasema kundi la tatu likifa, chumba kitapewa samaki wa mapambo, na Yaya aende nyumbani.

Safari hii, kundi la tatu lilipofikia umbo hilo, Daktari aliweka sinia la tope kwenye sakafu ya tangi, tope lililotoka kwa kaa wakubwa wa ufukwe mwingine. Kisha akasafiri kumuuguza mama yake. "Usiwaache," alimwambia Yaya.

Kesho yake mchana umeme ukakatika. Pampu za hewa zikanyamaza. Jenereta iliguna mara mbili, ikafa.

"Ule ukimya ulinitisha kuliko kelele," Yaya anakumbuka. Alimpigia mumewe.

"Baba watoto, njoo na pampu!"

"Nani kapata pancha?"

"Watoto wa kaa! Wanakosa pumzi!"

"Nilidhani kachanganyikiwa," anasema fundi. "Lakini sauti yake haikuwa na utani. Nikafunga kibanda."

Alifika na pampu mbili, akaziunganisha na mipira myembamba, akaziba ncha kwa vipande vya sponji ili mapovu yatoke madogo. Akaanza kusukuma kwa nguvu zote.

"Polepole! Hilo si tairi la lori!" mkewe alimkemea.

Wakapokezana hadi jioni, umeme uliporudi. Mikono yao ilikuwa imekufa ganzi.

Asubuhi Yaya alifungua mlango, akaenda moja kwa moja kwenye tangi. Maji yalikuwa meupe, matupu. Hakuna kilichoelea. Akampigia Daktari, hata salamu akasahau.

"Dakta, nimewaua. Hayupo hata mmoja."

"Umetazama wapi?"

"Majini."

"Achana na maji, mwanangu. Tazama tope."

Yaya akachukua kioo, akainama juu ya sinia. "Nikaona kitu kinatembea upande," anasema, na machozi yanamlengalenga tena. "Upande, dada yangu! Mabuu hayatembei upande. Nikaona kingine, na kingine. Nikaketi sakafuni, nikalia mpaka kamasi."

Walikuwa wametua. Si wote, baadhi walikufa pembeni mwa tangi. Lakini waliobaki wanatosha kuanzia, anasema Daktari, aliyerudi wiki hiyohiyo, mama yake akiwa amepata nafuu. Chumba hakitapewa samaki wa mapambo, na mkataba wa Yaya umeongezwa. "Nimelala usingizi wa mtoto," anasema Yaya huku akicheka.

Wakijiambua gamba mara chache zaidi, watapelekwa ufukweni pamoja na tope lao. Fundi ameshaanza kutengeneza kigari cha kuvutwa na baiskeli, chenye springi, wasirushwerushwe njiani.

Kwa sasa huwezi kumtambua dume wala jike. Wakishakua, madume watasimama mlangoni mwa mashimo yao, wakiinua gando kubwa na kulishusha, kuwaita majike.

"Nitakwenda kuwatazama," anasema Yaya. "Sitamjua hata mmoja, nao hawatanijua. Sawa tu. Nikimwona mmoja anapunga, hata kama anamwita mkewe, mimi nitampungia."