Buti za Shomari: Kutoka Temeke Hadi Ng'ambo ya Mzinga

Nilisafiri kwa sababu ya mguu wa mtu mwingine. Mtani wangu Shomari, Mzaramo wa ng'ambo ya mto Mzinga, ndiye peke yake kijijini kwao mwenye gobori na laiseni ya kulitumia. Nguruwe mwitu wakishuka kwenye mihogo, wenzake hupiga madebe na yeye hupiga risasi. Miaka yote aliwinda peku. Msimu uliopita kisiki cha mkoko kilimtoboa unyayo, kidonda kikaoza, akalala wiki saba. Dresa wa zahanati alimwambia wazi kwamba unyayo ule ukitobolewa tena, mguu utakatwa. Na katika wiki hizo saba nguruwe walimaliza mashamba manne.

Alipopona alimtuma jirani yake muuza mkaa aje kwangu Temeke na uzi wa katani wenye mafundo mawili. Toka fundo hadi fundo ndio urefu wa mguu wake. Ujumbe ulikuwa mfupi: nimtafutie buti za kufunga kamba, za kuwindia, kabla ya Jumamosi, kwa maana siku hiyo kijiji kizima kitatoka. Ninyi Wanyamwezi wenzangu mlioko Tabora mnanijua. Sikupita darasa la nne, lakini kazi ya ukarani wa stoo imenifundisha kukagua kitu kabla ya kukipokea. Nikaomba livu kazini.

Alhamisi, saa mbili asubuhi, nilikuwa Kariakoo kwenye kibanda cha fundi viatu anayeuza pia buti zilizoletwa toka ng'ambo baada ya vita.

“Za kwenda wapi, karani?” akaniuliza.

“Za mwindaji. Anaanzia kwenye mchanga, anaingia tope la mikoko, anapita miiba, kisha anapanda vilima vya udongo mwekundu.”

“Huyo anataka jozi nne. Ana miguu mingapi?”

“Miwili, na mmoja ni mbovu. Lete nione.”

Akanitolea aina tatu. Za kwanza zilikuwa za askari, nzito, soli imejaa misumari. Nilizigonga juu ya jiwe la mlangoni zikalia kama nyundo. Nguruwe angezisikia kabla ya kumwona mwenyewe, na juu ya jiwe lenye maji msumari huteleza. Za pili zilikuwa na soli ya mpira iliyogandishwa kwa gundi. Zilikuwa nyepesi na hazina kelele, lakini nilipozikunja soli ilianza kuachia pembeni, na kitu kilichogandishwa hakishoneki tena kikibanduka. Za tatu zilikuwa za rangi ya kahawia, ngozi nene iliyokunjika bila kupasuka, soli imeshonwa kwa uzi uliotiwa nta. Shingo yake ilipanda vidole vinne juu ya kifundo cha mguu. Ulimi wake ulishonwa pande zote mbili, kwa hiyo mchanga usingepata pa kuingilia. Nilihesabu matundu ya kamba, nikavuta kila moja kwa nguvu. Hakuna lililolegea. Nikanyoosha uzi wa katani ndani yake: ulitosha, na nafasi ya kidole gumba ikabaki.

“Ngozi ya nini hii?”

“Ng'ombe, karani. Itazame mwenyewe.”

Niliitazama. Ilikuwa ng'ombe kweli. Nikazichukua, na yeye akaniambia nimebahatika, maana kwa kipimo kile alibaki na jozi hiyo moja tu.

Saa nane mchana nilishuka kwenye lori Mbagala. Toka hapo ni mwendo wa miguu wa saa mbili na nusu, nami nilitaka kupumzika kwanza. Niliketi kwenye benchi la muuza chai, jua likinipiga magotini, nikatoa kopo la mafuta ya mkia wa kondoo nianze kuzilainisha. Kariakoo tulikuwa ndani ya kibanda. Hapa palikuwa na mwanga. Nilipofungua shingo ya buti ili nipake na ndani, niliona bitana, ngozi laini iliyokaribia kuwa nyeupe, na juu yake vitundu vya vinyweleo. Vya ng'ombe hutawanyika. Hivi vilikaa vitatu vitatu, kama mafiga.

Mimi ni Mkristo, na kwetu nimemkwangua nguruwe mara nyingi. Sikuhitaji kumwuliza mtu.

Nilifunika kopo, nikakaa na ile jozi miguuni pangu mpaka chai ikapoa. Shomari ni Mwislamu, tena wa kushika swala zake tano popote alipo, hata porini. Kurudi Kariakoo hakukuwa na faida, kwa kuwa jozi ya pili haikuwapo. Na kunyamaza kulikuwa rahisi. Shomari humpiga nguruwe kwa mbali wala hamgusi. Bitana iliyotengenezwa kiwandani asingeitambua hata kidogo. Mguu wake ungepona, mihogo ingepona. Nilitembea saa mbili na nusu nikiwa na wazo hilo, na kwa sehemu kubwa ya njia nilikubaliana nalo.

Saa kumi na moja kasoro niliingia uani kwake. Alikuwa amekaa barazani akisafisha gobori, na mkewe, Bi Mwajuma, anachambua mchele kwenye ungo.

“Mnyamwezi kafika!” akaita. “Nilidhani siku hizi mmekuwa makarani mmesahau kubeba mizigo.”

“Mzaramo atajuaje mzigo? Kazi yake kukaa pwani kungoja unaofika.”

“Mpe maji kwanza huyo ndipo mtukanane,” Bi Mwajuma akasema. “Karibu, shemeji.”

Nilifungua kifurushi cha gunia. Shomari aliziona zile buti akatabasamu kwa namna ambayo sikuwahi kumwona nayo tangu augue. Akanyoosha mkono.

“Usiziguse,” nikasema.

Mkono ukasimama hewani.

“Bitana yake ni ngozi ya nguruwe. Nimegundua nikiwa Mbagala. Kariakoo sikuiona.”

Akaurudisha mkono, akaufuta kwenye shuka ingawa haukugusa kitu. Bi Mwajuma aliweka ungo chini.

“Nani mwingine anajua?” Shomari akauliza.

“Sie watatu.”

“Basi njia nzima umekuja na habari hii peke yako.” Akanitazama. “Na usingesema, mie ningeswali nazo mpaka zichakae.”

“Ndiyo.”

Alilaza gobori chini. Kisha akasema, “Mie nawafukuza shambani, huyu ananivisha.” Bi Mwajuma ndiye aliyeanza kucheka, akajifunika uso kwa kanga, nasi tukamfuata. Lakini kicheko kilipokwisha Shomari alisema kwamba Jumamosi atatoka peku, kama zamani.

“Hutoki,” mkewe akamwambia. “Dresa alisema nikiwapo. Au unataka niwe mguu wako?”

“Na mihogo, mama? Watu wametangaziana.”

Mimi nilikuwa natazama mshono. Nikawaambia kwamba bitana haibebi kiatu, huongeza ulaini tu. Naweza kuikata yote, na ngozi ya ng'ombe iliyo nje ikabaki nzima. Shomari alifikiri, akasema kukata peke yake hakutoshi. Kitu kilichoguswa na nguruwe kwa unyevu huoshwa mara saba, na katika hizo mara moja iwe kwa udongo. Hiyo ndiyo sheria waliyofundishwa kwenye chuo cha Kurani.

Ijumaa, tangu jua kuchomoza, nilikaa nyuma ya nyumba na kisu kidogo. Nilifuata mshono unywele kwa unywele, na vipande vilivyobaki chini ya uzi nilivitoa kwa ncha ya kisu kimoja kimoja. Nilichunguza pia soli ya ndani juani: ng'ombe. Bitana niliifukia mbali na kisima. Kisha nikaanza kuosha, Bi Mwajuma akimimina maji kwa mbali na kuhesabu.

“Tano.”

“Sita,” nikasema.

“Ile ya udongo umeihesabu mara mbili, shemeji.”

“Nimeihesabu mara moja.”

“Anza upya. Maji ya kisimani hayaishi.”

Tukaanza upya. Tulipomaliza saba zisizo na ubishi, akaniuliza, “Na mikono yako je? Si ndiyo iliyoshika?” Nikanawa na mimi mara saba, moja kwa udongo, kama zile buti. Sikuona ubaya. Ningekula kwao jioni ile, na mkono wangu ungeingia katika sahani yao.

Nilizijaza buti pumba za mpunga zinyonye maji, nikaziweka uvulini, kwa maana jua hukakamaza ngozi. Nilibadilisha pumba mara tatu. Jioni nikazipaka mafuta ya kondoo, nikamwambia Shomari azijaribu akiwa amesimama. Hapo nikagundua kosa langu la pili. Uzi ule aliupima akiwa ameketi, tena urefu tu. Akisimama, mguu wake ulitanuka mbele kama miguu yote iliyokua bila viatu. Kama bitana ingekuwapo, vidole vingebanwa. Bila bitana viliingia, kwa shida kidogo upande wa kushoto, nami nikautandaza upande huo kwa ncha ya mchi mpaka akasema basi.

Jumamosi, baada ya swala ya alfajiri, Shomari alivaa buti akiwa bado na udhu. Nilimwonyesha kufunga: kamba ilegee juu ya vidole, ikaze kwenye kifundo, na ncha zichomekwe ndani zisishikwe na miiba. Alitembea uani kama jogoo aliyefungwa uzi mguuni. Majirani walimcheka. “Bwana Shauri huyo!” mmoja akapiga ukelele, kana kwamba Mzungu wa bomani amepita. “Shikamoo, Bwana Shauri!”

Juu ya mchanga alichoka upesi, kwa kuwa hakuzoea uzito. Kwenye tope la mikoko niliogopa litamvua, lakini kamba zilishika; alitoka na tope hadi karibu na magoti na buti mguuni. Hapo ndipo nilipoisikia sauti niliyokuwa naiogopa, ya kitu kigumu kusaga soli. Akasimama. Akainua mguu wa kulia, ule mbovu. Kisiki kilichokatwa mshazari kilikuwa kimechora mstari mweupe toka kisigino hadi katikati, kina chake kama ukucha. Hakikupenya. Shomari aliutazama mstari ule, akaendelea.

Saa nne na nusu madebe yaliwasukuma nguruwe watoke kichakani chini ya kilima. Alipanda mteremko wa udongo mwekundu uliolowa umande, akapiga goti, akafyatua. Dume kubwa lilianguka, wengine wakakimbilia bondeni, mbali na mashamba.

“Mtani, wako huyo!” akanipigia kelele. “Mbebe mpaka Tabora!”

Nilimwambia namwachia, maana nimeacha upagazi. Wafanyakazi wa shamba la mkonge la jirani, wasio Waislamu, ndio waliokuja kuichukua nyama.

Adhuhuri tulikuwa chini ya kilima. Shomari alimimina maji ya kibuyu, akatia udhu, na alipofika miguuni nilidhani atafungua kamba, nikajiandaa kumsaidia. Hakufungua. Alilowesha vidole akavipitisha juu ya kila buti, basi. Baada ya swala nilimwuliza. Akaniambia kwamba aliyevaa akiwa na udhu, na viatu vyake vimefunika kifundo, havina tundu, vinaweza kutembelewa safari, tena ni safi, ana ruhusa ya kupaka maji juu yake siku moja na usiku wake.

“Mbona hukuniambia tangu mwanzo? Ningechagua kwa masharti hayo.”

“Hukuniuliza, Mnyamwezi. Uliuliza urefu.”

Ilikuwa kweli, tena sikuwa nimeuliza hata huo.

Jumapili saa tatu niliaga. Jumatatu, kabla ya kazi, nilipita Kariakoo nikamweleza fundi. Yeye naye ni Mwislamu. Hakubishana, alibeba jozi zote zilizobaki akaziweka nje juani, akaanza kuzifunua shingo moja moja. Yeye mwenyewe alikuwa amevaa mojawapo.

Nilichojifunza nawaandikia wenzangu mnaotaka buti za porini. Kunjeni soli, vuteni matundu, pimeni mguu uliosimama na mpime upana. Fungueni shingo mkiwa juani. Lakini kabla ya hayo yote, mwulizeni atakayezivaa siku yake inapitaje toka anapoamka. Mimi nilikagua kiatu kwa uangalifu wote nilionao, na mtu sikumkagua.

Miezi miwili baadaye Shomari alikuja Temeke na tenga la mihogo. Alikaa kwenye ngazi yangu akifungua kamba, tundu moja baada ya jingine, huku mke wangu ametuandalia na ugali unapoa.

“Kamba hizi,” akanung'unika, “ndizo adhabu uliyoniletea.”

Alipomaliza aliunyoosha mguu wa kulia mbele yangu bila kuombwa. Niliutazama unyayo kwa mwanga wa mlangoni, toka kisigino hadi vidoleni. Kovu la zamani lilikuwapo. Jingine sikuliona.