Jiko la Wati Ishirini na Mbili

Nauza vifaa vya umeme Kariakoo mwaka wa thelathini huu, na darasa la nne sikulimaliza. Juzi dada mmoja alikuja na jiko lake la umeme, limeandikwa volti 220, ampea 10.

“Shikamoo baba. Nipe waya wa kulibeba hili.”

“Marahaba.” Nikagawanya volti kwa ampea kwenye kikokotoo, nikatangaza duka zima lisikie: “Wati ishirini na mbili tu! Hata waya wa redio unatosha.”

“Baba, hiyo ni omu, ukinzani wake. Wati unazidisha, ni elfu mbili mia mbili. Ungeniunguzia nyumba.”

“Nani kakudanganya?”

“Nafundisha fizikia.”

Wateja wakaangua kicheko. Nikamsogezea kiti.

“Kaa, mwalimu. Darasa la nne nalimalizia hapahapa.”