Damu Safi wa Kilimani

Mtakayoyasoma hapa hamtayaamini, na sitamlaumu mtu. Lakini mimi Abundio, ambaye Leovigildo ameninyoa tangu enzi nilipokuwa na nywele, nawaambia kwamba Santiago ya Kuba nzima ilimwita kinyozi huyu Damu Safi, na jina alilipata kihalali.

Kila Alhamisi asubuhi alipanda kilima hadi maabara ya Daktari Marisel, akanyoosha mkono, akatolewa damu. Daktari alikuwa akichunguza vidonge vya presha, vile vinavyozuia kalsiamu kupenya ndani ya chembe: je, vinafanya chembe nyekundu za damu zipasuke upesi, au zikawie? Alihitaji mtu asiyemeza dawa yoyote, ailinganishe damu yake na ya wagonjwa. Leovigildo alipewa kahawa, mkate wenye jamu ya mapera, na kiti cha dirishani. Hata leo, maabara imeshafungwa, ikifika Alhamisi hunoa wembe huku akiitazama njia ile.

Basi Alhamisi moja Daktari akaitia damu yake kwenye maji yenye chumvi hafifu, ambamo chembe hupasuka na maji yote kuwa mekundu. Za Leovigildo ziligoma kupasuka, kama za wagonjwa wanaomeza vidonge. Akarudia. Zikagoma tena.

"Bwana Leovigildo, umemeza dawa?"

"Nimemeza mate tu, Daktari."

"Basi itabidi nitafute mtu mwingine wa kukaa hapo."

Alirudi nyumbani amenywea. Mkewe Zenaida, aliyekuwa akichambua maharage meusi, alimsikiliza mpaka mwisho.

"Ni mimi," akasema. "Presha yako iko juu, na wewe dawa unasema ni za wazee. Jirani Eneida alinigawia zake. Nazisaga kwenye kahawa yako."

"Umenitilia dawa, mwanamke?"

"Wiki nzima. Kwani umekufa?"

"Nami naisingizia kahawa ya mgao wa serikali kwa uchungu wake."

Alhamisi iliyofuata alikwenda kuaga, kofia mkononi, akasimulia habari ya kahawa ya Zenaida. Daktari alicheka mpaka akavua miwani. Akampima, akamwandikia dawa zake mwenyewe, kisha akakiburuta kiti kile hadi upande wa wagonjwa.

"Damu ya mtu mmoja, kabla ya dawa na baada yake," akasema. "Hiyo sikuwa nayo. Kaa, kahawa inapoa."

Akakaa miaka. Na siku maabara ilipofungwa, madaktari wa Havana walipanga foleni hadi sokoni wampe mkono, bendi ikapiga, na mkubwa wao akapiga magoti akilia, akasema, "Ewe Damu Sa—"

"Abundio, bendi gani?" Ni Leovigildo, anasoma juu ya bega langu. "Tulikuwa mimi, Daktari na paka. Na aliyelia ni mimi."